Nina Sennheiser HD 650 za ohmu 300, naambiwa bila DAC ya maana nimetupa hela. Wajuzi wa sauti njooni, bajeti laki sita

Mkazi wa Ilazo
Wakuu mbukwenyi. Niende kwenye mada. Kaka yangu kaniletea hedifoni Sennheiser HD 650 kutoka Ujerumani, zile za ohmu 300. Nikichomeka kwenye simu napandisha volyumu mpaka mwisho na bado sauti ndogo, besi haifiki, kwenye laptopu afadhali kidogo. Sasa kuna jamaa anauza vifaa vya muziki Dar kaniambia bila DAC nzuri (kile kifaa cha kugeuza faili la dijitali kuwa umeme wa sauti) nimetupa hela, na hiyo DAC anayoisema bei yake inazidi hedifoni zenyewe. Anasema DAC ndiyo inayoleta utamu, amplifaya kazi yake kuongeza kelele tu. Mi nasikiliza zeze na ilimba (kinanda cha vidole cha Wagogo), kwaya, rhumba, jazi kidogo, mafaili mengi ni FLAC (yasiyopoteza ubora) nimetoa kwenye CD zangu mwenyewe. Laki sita ipo mkononi. Je nichukue kifaa kimoja chenye vyote viwili au viwili tofauti? Na kwa umeme wetu huu wa Dodoma unaokatika na kurudi na nguvu zake, kipi kitadumu? Nawasilisha.

Zabibu Tamu
Laki sita ya kusikilizia muziki peke yako?? Mkuu nenda Kongwa kachukue mbuzi, wanazaa. Hedifoni hazizai.

Kipaza
@Zabibu Tamu acha watu na starehe zao, we mwenyewe pikipiki umeifunga spika tatu.

Mleta mada, kabla ya kutoa laki sita jaribu adapta ndogo ya Apple ya USB-C kwenda tundu la 3.5. Kule kwao wanaiuza dola 9. Ndani yake kuna DAC na amplifaya vyote, na watu waliopima kwa mashine wamepata usafi karibu desibeli 99, yaani zaidi ya CD yenyewe ambayo biti 16 zinakupa kama 96. Ila hakikisha siyo toleo la Ulaya, la Ulaya linatoa nusu volti, lile la Marekani linatoa volti 1. Halafu kwenye simu nyingi za Android inatoka na sauti ndogo kwa sababu Android haiifungulii volyumu ya ndani ya kifaa, hivyo ijaribie kwenye laptopu.

Fundi Sauti Majengo
Kipaza kasema vizuri ila ngoja niweke hesabu maana hapa ndipo watu wanapigwa hela kila siku.

Hedifoni ina vitu viwili vya kuangalia, ohmu (ukinzani wake kwa umeme) na sensitiviti (inatoa sauti kiasi gani ukiipa umeme fulani). HD 650 imeandikwa desibeli 103 kwa volti 1. Maana yake ukiipa volti 1 kamili inafika 103, na hapo inakula miliwati 3.3 tu (volti mara volti gawanya kwa ohmu). Kwa hiyo haina njaa ya wati, ina njaa ya volti. Simu nyingi zinatoa nusu volti hivi, unabaki na 97 kwenye vilele vya muziki. Muziki uliorekodiwa kwa sauti kubwa muda wote utaona inatosha, lakini muziki wa kupanda na kushuka kama kwaya, wastani wake unaweza kuwa desibeli 20 chini ya kilele, sasa hapo unasikiliza 77. Ndiyo unaona imepoa. Ukitaka kilele cha 110, ambacho ni kingi mno kwa sikio, unahitaji volti 2.2, na hiyo ni miliwati 17 tu. Amplifaya yoyote ya mezani ya siku hizi inatoa hiyo bila kutoka jasho.

Kwa hiyo jamaa wa Dar kageuza mambo. Shida ya mleta mada ni volti, na volti inaletwa na amplifaya.

Sauti Safi
Naheshimu hesabu za fundi lakini masikio hayasomi hesabu. Mimi nina hedifoni za Audeze LCD-X, nazo ni desibeli 103 kama HD 650, nimezisikiliza kwa DAC yenye chipu ya AKM na nyingine yenye ESS Sabre (makampuni mawili ya chipu za DAC), amplifaya ile ile moja, na tofauti ipo. AKM sauti ya mwanadamu inakuja na mwili, ESS inang'aa juu mpaka baada ya muda unachoka. Kile kiwanda cha AKM pale Nobeoka Japani kilipoungua Oktoba 2020 watu walikimbilia kununua zilizobaki madukani, unadhani wote walikuwa wajinga? Mleta mada weka hela kwenye DAC kwanza, amplifaya utaongeza baadaye.

Fundi Sauti Majengo
@Sauti Safi hapo kwenye 103 na 103 simama kidogo. Ya HD 650 ni kwa volti 1. Ya LCD-X ni kwa miliwati 1, na LCD-X ni ohmu 20. Miliwati 1 kwenye ohmu 20 ni volti 0.14 tu. Ukizipa zote volti 1, LCD-X inafika 120, HD 650 inabaki 103. Desibeli 17 hizo ndugu yangu. Ndiyo maana zako zinaimba hata kwenye simu na unaona amplifaya haina kazi, za mwenzako haziimbi. Makampuni yanaandika kila moja kwa kipimo chake na mnunuzi analinganisha namba mbili ambazo haziko kwenye mzani mmoja.

Sauti Safi
Sawa kwenye sensitiviti nimekupata. Kwenye chipu nabaki palepale.

Binti Chamwino
Habari zenu. Mimi huwa nachanganya sauti za kwaya kanisani, naomba niingilie hilo la chipu. Kaka Sauti Safi, ulipolinganisha DAC mbili ulisawazisha volyumu kwa kipimo au kwa sikio? DAC moja ikitoa volti 2.0 na nyingine 2.2, hiyo ya pili imezidi kwa karibu desibeli 1. Desibeli 1 huwezi kuisikia kama kelele zaidi, unaisikia kama uzuri zaidi, sauti inaonekana ina mwili, ina nafasi. Nimeona wanakwaya wanachagua rekodi hivyo hivyo kila siku, iliyopanda kidogo ndiyo "nzuri".

Dawa ni rahisi. Chukua multimita ya kawaida ya fundi umeme, weka kwenye AC, cheza mlio mmoja wa hezi 100 au 200, pima kwenye tundu la hedifoni huku zimechomekwa, sawazisha mpaka namba zifanane. Halafu mtu mwingine akubadilishie we ukiwa hujui ipi ni ipi. Ukibaki unazitofautisha mara nyingi nitakuamini kwa moyo wote.

Kipaza
Dada kamaliza. Na ongezea, FiiO K5 Pro (DAC na amplifaya kwenye boksi moja) ya kwanza ilikuwa na chipu AK4493 ya AKM, baada ya moto wakatoa K5 Pro ESS, boksi lile lile. Ingekuwa chipu ndiyo kila kitu basi wangekuwa wanauza vifaa viwili vyenye tabia tofauti kabisa.

Sauti Safi
Mbona na hao wenyewe kuna wanaosema ya kwanza ilikuwa tamu zaidi? Chipu ni sehemu moja, kuna filta, kuna pawasaplai, kuna opampu (saketi ndogo ya kukuza sauti) baada ya chipu. Kwa hiyo hata mkisema chipu siyo, bado DAC nzima ni kitu. Multimita inapima volti, haipimi nafasi kati ya zeze na mwimbaji.

Mpwapwa Moja
Mi nimekaa pale naangalia. Endeleeni.

Mzee wa Valvu
Vijana asanteni kwa kunikumbusha mbali. Nimeanza na redio za valvu (zile balbu za kioo za kabla ya transista) za baba yangu. HD 650 na ndugu yake HD 600 (ile ya 1997, 650 ikaja 2003) zinapendana sana na amplifaya za valvu zisizo na transfoma ya kutokea. Ukisikia rhumba humo, gitaa la besi linakuja duara, limejaa, hutatamani kingine. Hizi za transista za kisasa zina usafi wa hospitali. Kama mleta mada anapenda sauti za watu wakiimba, atafute ya valvu hata iliyotumika, na DAC yoyote ile.

Msomi wa UDOM
Shikamoo mzee. Hilo duara la besi lina maelezo ya kisayansi. HD 650 inaitwa ohmu 300 lakini siyo 300 kila mahali, maeneo ya hezi 80 mpaka 100 ukinzani wake unapanda mpaka kama 500. Amplifaya nyingi za valvu za aina hiyo zina ukinzani wa kutokea mkubwa, tuchukue 120. Sasa ukigawana volti kati ya 120 na 300 hedifoni inabaki na asilimia 71, kati ya 120 na 500 inabaki na asilimia 81. Tofauti ni karibu desibeli 1, na imekaa hapohapo kwenye besi. Kwa hiyo mzee anachosikia kipo kweli. Na wala 120 siyo namba ya kubahatisha, kiwango cha kimataifa cha IEC cha 1996 kilipendekeza chanzo cha ohmu 120.

Ila kwa LCD-X za Sauti Safi usijaribu, kanuni ya watu wengi ni ukinzani wa amplifaya usizidi moja ya nane ya hedifoni, kwa ohmu 20 ni 2.5 tu, kwa 300 una ruhusa mpaka 37 kama unataka sauti isiguswe.

Mzee wa Valvu
Marahaba. Desibeli 1 siyo yote. Valvu ina upotoshaji wa hamoniki ya pili (mlio wa nyongeza wa masafa mara mbili ya noti), sikio linaupenda. Hilo nalo lipime.

Fundi Sauti Majengo
Mzee hilo nakubali kuwa lipo. Tatizo langu na valvu kwa Dodoma ni umeme na vumbi. Valvu inataka volti ya juu ndani, na umeme ukirudi umepanda, kinachokufa kwanza ni kapasita. Na vumbi hili jekundu linaingia kwenye nobu ya volyumu, unaanza kusikia kwarakwara upande mmoja. Wateja wananiletea wakisema DAC imeharibika, nasafisha nobu kwa dawa ya kupuliza, imepona.

Mleta mada jambo la muhimu kuliko chipu zote: ukiagiza kutoka Marekani angalia adapta ya umeme. Baadhi ya amplifaya ndogo za hedifoni hazitumii chaja kama ya simu inayokubali 100 mpaka 240, zinatumia transfoma ya ukutani inayotoa AC, na ya Marekani ni ya volti 120. Ukiichomeka kwenye 230 yetu inaungua hapohapo. Schiit Magni na wenzake ni wa namna hiyo, omba toleo la 230 wakati wa kuagiza. Nimeshapokea ya mteja mmoja imetoa moshi kabla hajasikia hata wimbo mmoja, roho iliniuma maana mtu alidunduliza.

Kipaza
Ndiyo maana mimi napendekeza vya kula umeme wa USB. iFi Zen DAC inaendeshwa na USB ya laptopu peke yake, TANESCO wakikata unaendelea na betri ya laptopu. Inatosha kabisa kwa ohmu 300. Mtu anayetaka ya mezani yenye nguvu zaidi kuna FiiO K7 na Topping DX3 Pro+, kifaa kimoja vyote ndani. Bei zinapanda na kushuka kutegemea nani kabeba, ulizia kwanza mpaka mlangoni na ushuru.

Mpwapwa Moja
Nilikuwa kimya ila naomba kuuliza, mimi nina hedifoni HE-6 za Hifiman nimenunua za mtumba, nazo nichukue hiyo ya USB?

Fundi Sauti Majengo
Hapana hapana. HE-6 ni desibeli 83.5 kwa miliwati 1, ohmu 50. Kufika 110 inataka karibu miliwati 450. Mwenzako na HD 650 anahitaji 17. Hizo wapo watu wanaziendesha na amplifaya ya spika kabisa. Hizo ndizo za kuzungumzia wati.

Zabibu Tamu
Kumbe humu kuna matajiri wamejificha Mpwapwa 😂 na mnalia mvua haba.

Mkazi wa Ilazo
Asanteni sana wakuu, nimejifunza mengi. Naomba niongeze jambo. Nimeazima adapta ya Apple kwa rafiki, kwenye laptopu volyumu sasa iko vizuri. Lakini nimegundua kwenye rekodi za ilimba kuna mvumo, kama kitu kinatetemeka nyuma ya kila noti. Na bila muziki nikiwa nimechaji laptopu kuna mlio mdogo wa "mmmm". Besi nayo nimeiongeza kwenye ikwalaiza. Je hiyo ndiyo udhaifu wa adapta, yaani DAC nzuri ingeondoa?

Sauti Safi
Ndiyo hiyo sasa niliyoisema. DAC ya dola 9. Umeme mchafu wa USB unaingia moja kwa moja kwenye sauti. DAC yenye pawasaplai yake utaona mvumo umeisha.

Fundi Sauti Majengo
Hizo ni shida mbili, usizichanganye. "Mmmm" ya kudumu ni ya umeme. Chomoa chaja ya laptopu, ikiisha basi ni chaja na ethi (waya wa kwenda ardhini). Nyumba nyingi mpya za Ilazo na Nzuguni soketi ina matundu matatu lakini waya wa ethi haujafika popote, au fimbo imepigwa kwenye udongo mkavu, na udongo wetu miezi ya kiangazi haupitishi umeme. Mwite fundi umeme apime ethi, hiyo ni ya usalama kwanza kabla ya muziki.

Msomi wa UDOM
Mvumo wa kwenye noti mi nahisi ni ikwalaiza. Ukipandisha besi desibeli 6 bila kushusha kiwango cha jumla, vilele vinagonga dari ya dijitali vinakatwa. Shusha priampu ya ikwalaiza kwa desibeli 6 hizohizo, kwenye programu ya Equalizer APO kuna sehemu yake. Ila kuongeza besi kwenye HD 650 siyo kosa, hedifoni za wazi za dainamiki zinaanguka chini ya hezi 50, hakuna amplifaya wala DAC itakayokurudishia, ni ikwalaiza peke yake.

Binti Chamwino
Jamani, mmewahi kukaa karibu na ilimba inapigwa? Mimi nimekulia nayo. Ule mvumo ni wa chombo chenyewe! Kuna vitobo kwenye mbao vinazibwa na utando wa buibui ili noti ikilia nao utetemeke. Mpigaji anautengeneza makusudi, ukikosekana wazee wanasema ilimba imekufa. Marehemu Hukwe Zawose sikilizeni anavyopiga, mvumo upo kila mahali, na waliomrekodi waliuacha kwa sababu ndiyo sauti yenyewe. Sasa kama HD 650 zinauonyesha ambao spika za masikioni ziliuficha, basi adapta ya dola 9 inafanya kazi yake vizuri sana, na DAC itakayouondoa mvumo huo ni mbovu.

Mkazi, njoo Chamwino wakati wa tamasha la muziki wa Cigogo, kaa mbele kabisa, ukirudi utajua hedifoni zako zinasema kweli au zinadanganya. Naumia watu wakiita muziki wetu kelele za mtambo.

Mzee wa Valvu
Binti umesema vema sana. Na zeze nalo lina mkwaruzo wake wa upinde.

Sauti Safi
Dada nakubali chombo kina mvumo. Lakini utajuaje mvumo upi wa utando na upi wa USB na upi wa kukatwa vilele? Vyote vitatu vinaweza kuwepo kwa wakati mmoja. Mkazi weka faili hapa tusikilize kwenye vifaa tofauti.

Msomi wa UDOM
Hapo Sauti Safi ana hoja. Zima ikwalaiza, chomoa chaja, sikiliza tena wimbo uleule. Kinachobaki ni cha ilimba au cha rekodi.

Nesi wa Zamu
Nimesoma uzi wote sijaona mtu anagusa masikio. Fundi anasema kilele cha 110, sawa ni kilele. Lakini kiwango cha WHO na ITU ni wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, kwa watoto 75. Ukipandisha desibeli 3 muda unakatika nusu. Ukishanunua amplifaya yenye nguvu kuliko unavyohitaji, mkono unazoea kupandisha kidogo kidogo usiku baada ya usiku, na masikio yakishaanza kulia nziii hakuna dawa ninayoweza kukupa. Wenye LCD-X hizo za 120 kwa volti 1 ndio zaidi, hakikisheni volyumu iko chini kabla ya kuvaa.

Kipaza
Asante nesi. Ndiyo umuhimu wa swichi ya geini (kiwango cha ukuzaji), anza na ya chini siku zote.

Mkazi wa Ilazo
Nimechomoa chaja, "mmmm" imeisha kabisa, fundi umeme naongea naye. Ikwalaiza nimezima, mvumo wa ilimba umepungua kidogo lakini bado upo, kwa hiyo sijui nimpe ushindi Msomi au Binti Chamwino. Besi ndiyo imerudi kuwa ndogo. Kaka anasema hizi hedifoni alizitumia miaka kadhaa kabla hajanipa.

Fundi Sauti Majengo
Miaka kadhaa? Hukusema za mtumba. Pedi zake zikoje? Za HD 650 zikizeeka zinabonyea, sikio linasogea karibu na spika na hazizibi vizuri kuzunguka sikio, hapo besi na sauti ya juu vyote vinabadilika. Inawezekana hapa tunabishana chipu na valvu kumbe ni sponji. Weka picha ya pedi kwa ubavu, tuone unene.

Mpwapwa Moja
Na kama kuna anayejua wanapouza pedi hizo bila kuagiza nje aseme, hata za HE-6 yangu zimeisha.